Ndugu Yatima Katika Njia ya Oregon: Nani Aliwachukua?

Swali la msomaji kutoka Morogoro: "Ninaandika riwaya ya kihistoria kwa Kiswahili. Wahusika wangu ni ndugu watatu: kaka wa miaka 13, dada wa miaka 9 na mdogo wao wa miaka 4. Mwaka 1845 wazazi wao wanafariki kwa kipindupindu karibu na Fort Kearny, nao watoto wanaendelea na safari peke yao kwa gari la maksai mpaka Oregon, ambako wanapokewa na kuanza maisha mapya. Mhariri wangu anasema hakuna atakayeamini. Je, yatima waliweza kuivuka nchi ile peke yao? Na mambo ya huko niyaiteje kwa Kiswahili ili riwaya isisomeke kama tafsiri?"

Jibu

Ndugu yangu mwandishi, mhariri wako amekuambia kweli, ila nadhani hajakuonyesha mahali penyewe palipo na kasoro. Vifo vya wazazi wawili njiani vinaaminika bila shida yoyote, maana vilitokea. Kijana wa miaka 13 kushika mjeledi na kuwaongoza maksai nako kunaaminika, kwa kuwa vijana wa umri huo walipewa kazi hiyo. Kisichoaminika ni maneno yako mawili: "peke yao". Njia ya Oregon, waliyopita wahamiaji wa Marekani kwenda magharibi, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 3,490 kutoka Independence, katika jimbo la Missouri, hadi Oregon City. Maksai huenda kama kilomita 3 kwa saa, na msafara uliojaliwa siku njema ulipata kilomita 24 kabla ya kupiga kambi, hivyo safari nzima ilichukua miezi mitano au sita. Katika muda huo gari lilipaswa kuvushwa mito yenye mkondo mkali, kuteremshwa miteremko kwa kamba zilizoshikwa na wanaume kadhaa, kutengenezwa kila gurudumu lilipokauka na kulegea, na mifugo ilipaswa kulindwa usiku kwa zamu. Watoto watatu, mmoja wao akiwa wa kubebwa, hawana mikono ya kutosha kwa kazi hiyo.

Hata kama wangekuwa nayo mikono ya kutosha, wasingeachwa. Misafara ya miaka ya 1840 ilikuwa jamii ndogo, zenye kapteni aliyechaguliwa kwa kura, kanuni zilizokubaliwa, ugomvi wake na mapatano yake. Baba na mama walipofariki, swali la kwanza lililoulizwa kando ya kaburi lilikuwa ni nani atawachukua watoto. Swali la pili, ambalo mara nyingi halikutamkwa, lilikuwa atawachukua wangapi, na kwa malipo gani. Naamini riwaya yako nzima imo ndani ya maswali hayo mawili, na kwamba ukimwondoa mtu mzima kando ya gari lile utakuwa umeiondoa hadithi yenyewe.

Lipo tukio la kweli ambalo linakaribia sana njozi yako, nami nakushauri ulijue kwa undani kabla ya kuandika sura nyingine yoyote. Henry Sager alikuwa mhunzi na mkulima asiyetulia mahali pamoja. Alikuwa amehama kutoka Ohio kwenda Indiana, na kutoka Indiana kwenda Missouri. Majira ya kuchipua ya mwaka 1844 alianza safari ya kwenda Oregon pamoja na mkewe, Naomi, na watoto sita, katika uhamaji mkubwa ulioongozwa na Cornelius Gilliam, na familia yake iliwekwa katika kundi la Kapteni William Shaw. Naomi alikuwa mjamzito. Alijifungua mtoto wa saba, msichana, mwishoni mwa mwezi wa Mei, majuma machache tu baada ya kuondoka, katika mwaka ambao mvua zilinyesha kupita kiasi na hema hazikukauka. Hakupata nafasi ya kupona sawasawa, kwa sababu msafara haukuweza kusimama kumsubiri mzazi apate nguvu.

Kabla hawajafika Fort Laramie, binti wa miaka 9, Catherine, aliruka kutoka garini kama watoto walivyozoea kufanya huku gari likienda. Upindo wa gauni lake ulinaswa na mpini wa shoka, akaanguka chini, na gurudumu likamvunja mguu. Baba yake aliunga mfupa kwa mikono yake mwenyewe. Kuanzia hapo Catherine aliiona safari akiwa amelala ndani ya gari linalotikisika, na baadaye akiwa kwenye magongo, na mimi huona kwamba ulemavu huo wa muda ndio uliomfanya awe shahidi mzuri kuliko wote: hakuweza kukimbia na wenzake, basi alitazama na kusikiliza.

Baba aliugua homa, akafa na kuzikwa ukingoni mwa Green River, katika jeneza lililotengenezwa kwa haraka kwa kuchimba vipande viwili vya gogo. Alikuwa amemwomba Kapteni Shaw awaangalie wanawe. Mama, ambaye hakuwa amepona tangu kujifungua, aliugua naye katika nchi kavu yenye vumbi kando ya Snake River, akapoteza fahamu, akafariki. Alizikwa kando ya njia. Wakatandika matawi ya mti uitwao kwa Kiingereza willow chini ya kaburi, wakamlaza, wakamfunika kwa matawi mengine, kisha udongo. Catherine aliandika baadaye kwamba katika muda wa siku 26 walikuwa wamekuwa yatima, watoto saba, mkubwa akiwa na umri wa miaka 14 na mdogo akiwa kichanga.

Sasa tazama kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo mswada wako ulipokosea njia. Kichanga kilichukuliwa na mwanamke mmoja wa msafara. Gari la familia liliendeshwa kwa msaada wa Dokta Dagen, Mjerumani aliyesafiri nao, na lilipokuwa zito kupita nguvu za maksai waliodhoofika, lilikatwa likafanywa mkokoteni wa magurudumu mawili, na vitu vyote ambavyo havikuwa vya lazima vikaachwa njiani. Kapteni Shaw na mkewe, Sally, ambao watoto waliwaita mjomba na shangazi, walikuwa na watoto wao wenyewe wa kulisha, tena chakula kilikuwa kinaelekea ukingoni. Hata hivyo, waliwagawia mkate mpaka ulipokwisha. Catherine anashuhudia kwamba msafara mzima uliwalea. Simulizi za baadaye, zilizosomwa na watoto wa nchi nyingi, zilimgeuza kaka mkubwa, John, kuwa shujaa aliyewavusha ndugu zake nyika na milima bila mtu mzima. Ni hadithi inayopendeza, lakini imewanyang'anya Sally Shaw na yule mwanamke aliyenyonyesha mtoto wa mwenziwe haki yao ya kukumbukwa, na mimi siwezi kuikubali.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1844 watoto walifikishwa Waiilatpu, katika bonde la Walla Walla, kwenye misheni ya Marcus na Narcissa Whitman, wamisionari Waprotestanti waliokuwa hapo tangu mwaka 1836. Narcissa alikuwa amempoteza mtoto wake wa pekee, Alice, aliyezama mtoni mwaka 1839 akiwa na umri wa miaka 2. Catherine anaeleza walivyosimama uani siku hiyo: John ameketi mbele ya mkokoteni ameinamisha kichwa, Francis ameegemea gurudumu analia kwa sauti, na wasichana wamejikusanya pamoja, miguu mitupu, hawajui kama watapokewa wote au watagawanywa. Kichanga kililetwa siku chache baadaye, kikiwa kimedhoofu mno. Wote saba walipokewa, na mwaka 1845 Whitman alithibitishwa kisheria kuwa mlezi wao. Laiti ningekuwa na uwezo wa kukushurutisha, ningekushurutisha uandike tukio moja tu la namna hiyo, kwa kurasa kumi, pasipo mto wala dhoruba: watoto wamesimama uani mwa mtu wasiyemjua, wakisubiri kuhesabiwa.

Umesema kwamba huko Oregon wahusika wako "wanapokewa na kuanza maisha mapya". Kwa ndugu hawa maisha mapya yalidumu miaka mitatu. Mwaka 1847 wahamiaji walileta surua, na inakadiriwa kwamba takriban nusu ya Wakayuse, wenye nchi ile, walikufa. Whitman, aliyekuwa pia daktari, aliwatibu watoto wa Kizungu na wa Kikayuse. Wa Kizungu wengi walipona, kwa kuwa jamii zao zilikuwa zimeuzoea ugonjwa huo kwa vizazi, na wa Kikayuse walikufa. Katika desturi ya Wakayuse, mganga ambaye wagonjwa wake wanakufa aliweza kudaiwa roho yake. Ongeza juu ya hapo kwamba kila mwaka magari yalikuwa yanaongezeka na misheni ilikuwa imegeuka kituo cha kuwahudumia watu waliokuja kuchukua ardhi. Tarehe 29 Novemba 1847 Marcus na Narcissa Whitman waliuawa na baadhi ya Wakayuse, na pamoja nao John na Francis Sager. Wasichana na wengine kadhaa walishikwa mateka kwa mwezi mmoja. Hannah Louise, wa miaka 6, alikufa kwa surua akiwa humo humo kifungoni. Waliobaki walikombolewa na Peter Skene Ogden wa Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya ngozi, kwa blanketi, mashati, bunduki, baruti na tumbaku. Tarehe 3 Juni 1850 Wakayuse watano walinyongwa Oregon City kwa mauaji hayo.

Dada wanne walionusurika walipelekwa katika bonde la Willamette, wakagawanywa katika nyumba mbalimbali. Hiyo ndiyo mara ya pili walipokuwa yatima, na safari hii hapakuwa na msafara wa kuwalea kwa pamoja.

Nimekusimulia habari hii kwa urefu ili uone uzito wa neno "yatima" katika mazingira yale. Wewe msomaji wa Kiswahili una bahati, kwa sababu lugha yetu, kupitia sheria ya Kiislamu, inajua kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yu hai. Mahakama za Marekani za karne ile zilifikiri kwa namna inayofanana na hiyo: mtoto asiye na baba angeweza kuitwa yatima na kuwekewa msimamizi wa mali, huku mama yake akiwa anapika jikoni. Mtoto asiye na mali aliwekwa kwa mtu kwa mkataba wa utumishi mpaka afikie utu uzima, akifanya kazi kwa chakula, mavazi na mafunzo kidogo. Kwa hiyo mlezi njiani hakuwa lazima mwenye huruma wala lazima katili. Alikuwa mtu aliyepiga hesabu. Kijana wa miaka 13 aliyejua kufunga nira alikuwa faida, msichana wa miaka 9 alikuwa nusu faida, na mtoto wa miaka 4 alikuwa mdomo. Wahusika wako wana umri uliofaa kabisa kwa kutenganishwa, na ninashangaa kwamba hukulitumia jambo hilo. Wahenga walisema yatima hadeki, na mtoto wa njia ile alilazimika kuujua ukweli huo kabla ya jua la siku ya mazishi kuzama.

Unaweza kulinganisha na mikasa mingine miwili, ingawa sitakaa nayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 hadi 1847, msafara wa Donner ulikwama kwenye theluji ya Sierra Nevada, na mabinti watano wa George Donner walitoka salama bila wazazi. Wawili kati ya wadogo, Georgia na Eliza, walilelewa Sonoma na wazee wawili wa Kiswisi. Mkasa wa pili ni zile treni za yatima, zilizoanza mwaka 1854 pale shirika la Charles Loring Brace lilipotoa watoto New York na kuwapeleka Dowagiac, katika jimbo la Michigan, na kuendelea hadi mwaka 1929. Watoto walisimamishwa mbele ya watu wa mji wakachaguliwa, na ndugu wa tumbo moja waliweza kushuka katika vituo tofauti. Watu huzichanganya habari hizi na za magari ya maksai. Usizichanganye wewe.

Nije kwenye makosa yako ya tarehe, ambayo ni mepesi kurekebisha, lakini msomaji makini hayasamehe. Fort Kearny haikuwepo mwaka 1845. Ilijengwa mwaka 1848. Kipindupindu hakikuwa muuaji wa njia ile mpaka mwaka 1849, wimbi la watafuta dhahabu lilipokibeba, na kikaendelea kuua vibaya hadi mapema miaka ya 1850. Kwa mwaka 1845 uwaue wazazi kwa homa ya matumbo, kwa kuzama mtoni au kwa ajali ya bunduki. Fort Laramie ilikuwapo, lakini ilikuwa boma la wafanyabiashara wa ngozi. Jeshi liliinunua mwaka 1849, basi usiweke wanajeshi pale. Oregon yenyewe haikuwa ya Marekani: Uingereza na Marekani ziliitumia kwa pamoja mpaka mkataba wa mwaka 1846. Barabara ya Barlow, inayozunguka Mlima Hood, ilifunguliwa mwaka 1846 pia, kwa hiyo watoto wako wa mwaka 1845 wangemalizia safari kwa magogo yaliyofungwa pamoja na kwa mitumbwi katika mto Columbia kutoka The Dalles, jambo la hatari na la gharama. Swali la nani atawalipia nauli ya mtumbwi lingekupa sura nzima.

Kuhusu wenyeji, nakuomba uwe mwangalifu kuliko riwaya nyingi ulizowahi kusoma. Mwanahistoria John Unruh alihesabu kwamba kati ya mwaka 1840 na 1860 wahamiaji 362 waliuawa na wenyeji njiani, na wenyeji 426 waliuawa na wahamiaji, katika kipindi ambacho mamia ya maelfu ya watu walipita. Magonjwa na ajali viliua watu wengi zaidi bila kulinganishwa. Washoshoni waliuza samaki wa samoni kando ya Snake River kwa watu wenye njaa waliokuwa wamechoka kula nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Mkayuse aliyeitwa Stickus ndiye aliyeyaongoza magari ya mwaka 1843 kuvuka Milima ya Blue. Mtoto yatima katika riwaya yako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulishwa na mwenyeji kuliko kupigwa mshale, na mwenyeji huyo naye huenda amewazika wanawe kwa ugonjwa ulioletwa na gari hilo hilo. Ukikosa kuiona huzuni hiyo ya pili, utakuwa umeandika nusu ya yatima wa nchi ile.

Jambo jingine ambalo msomaji wako wa Afrika angetaka kulijua: katika uhamaji ule ule wa mwaka 1844, pamoja na akina Sager, alikuwamo George Washington Bush, mtu mwenye asili ya Kiafrika, mkulima mwenye mali, akiwa na mkewe Mzungu na wana wao. Walipokuwa bado njiani, mwezi wa Juni, serikali ya muda ya Oregon ilipitisha sheria ya kuwazuia watu weusi kuishi huko. Bush alifika, akaambiwa habari hiyo, akaelekea kaskazini ya mto Columbia, mahali ambapo sheria hiyo haikuwa na nguvu, na familia yake ikaweka makazi karibu na panapoitwa leo Tumwater. Sikushauri umpachike katika hadithi kwa kutimiza wajibu. Ila ukiandika kambi ya mwaka 1844, moto wake mmoja ulikuwa wa Bush, na kijana wako angeweza kukaa kando yake akisikia mtu mzima akijiuliza iwapo nchi anayoiendea itampokea. Swali la Bush na swali la yatima ni swali moja.

Sasa Kiswahili. Nadhani hofu yako ya kuandika kitu kinachosomeka kama tafsiri inatokana na kutafuta neno moja moja la Kiingereza na kulipachikia jina. Kumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1840 misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo na pwani nyingine ya Mrima kwenda Tabora na Ujiji, na lugha yetu ilikuwa inajijengea hazina ya maneno ya safari ndefu ya nchi kavu. Msafara, kambi, posho, mzigo, kirangozi: maneno haya hayahitaji kuazimwa popote. Tofauti ipo, kwa sababu huku mbung'o waliua wanyama wa kukokota na mizigo ikabebwa na wapagazi vichwani, na kule maksai walivuta. Mwambie msomaji tofauti hiyo mara moja, kisha umwache aendelee. Neno ninalolipenda kuliko yote kwa kazi yako ni hongo. Leo tunalielewa kuwa rushwa, lakini kwa wasafiri wa zamani hongo ilikuwa malipo halali aliyotoa mpitaji kwa mwenye nchi. Wenyeji kadhaa kwenye njia ya Oregon walidai malipo kwa ajili ya malisho yaliyoliwa, kuni zilizokatwa na njia iliyopitwa, na wahamiaji wengi waliandika kwamba wanaombwa au wanaibiwa. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulitaja jambo hilo kwa jina lake la haki, na katika sentensi moja akaonyesha kile ambacho shajara nyingi za wahamiaji hazikukiona.

Gari liite gari la maksai, na paa lake turubai. Mavi makavu ya nyati, ambayo watoto waliyaokota kwa ajili ya kuni katika nyanda zisizo na miti, yaite hivyo hivyo bila aibu. Mabonde ya vichaka vya kijivu vyenye harufu kali yaeleze kwa pua na macho, usitafute jina la kitaalamu. Watu uwaite kwa makabila yao, Wakayuse, Washoshoni, Wapawnee, na lile jina la Wahindi Wekundu uliweke katika vinywa vya wahamiaji tu. Kuhusu wahamiaji wenyewe, uamuzi ni wako, lakini fikiri vizuri kabla ya kutumia neno walowezi. Kwa msomaji wa Kenya au wa Tanzania neno hilo lina historia ya mashamba yaliyotwaliwa, nalo ni neno la kweli kwa kile kilichokuwa kinatendeka Oregon. Mimi ningelihifadhi kwa sura za mwisho. Mwanzoni watoto ni wasafiri na wahamiaji. Wanapopewa shamba ambalo bado lina makaburi ya wenyewe, hapo neno walowezi liingie, na msomaji alisikie linavyotua.

Usimulizi umpe dada wa miaka 9. Umempa kaka, naelewa kwa nini, maana yeye ndiye mwenye mjeledi. Lakini ushahidi tulio nao kutoka kwa akina Sager ni wa dada. Catherine aliandika kumbukumbu zake mnamo mwaka 1860, na Elizabeth na Matilda nao walisimulia zao uzeeni. Kaka zao waliuawa kabla ya kupata nafasi ya kusema lolote. Dada aliyelala garini na mguu uliovunjika husikia watu wazima wakijadiliana kuhusu hatima yake kama vile hayupo. Kaka haambiwi hayo, naye hayasikii, kwa kuwa yuko mbele na wanyama. Tena mwache dada asimulie akiwa mtu mzima, mwenye uhakika wa harufu na nguo na mwenye wasiwasi wa tarehe, kwa maana ndivyo kumbukumbu hizo zilivyo.

Na kama bado moyo wako unataka mtoto aliye peke yake kabisa, yupo. Akina Whitman, kabla ya kuwapokea akina Sager, walikuwa tayari wanalea watoto kadhaa waliozaliwa na mama wenyeji: Mary Ann, binti wa mwindaji Jim Bridger, Helen Mar, binti wa Joe Meek, na mvulana mdogo waliyempa jina la David Malin, ambaye mama yake alikuwa mwenyeji na hapakuwa na mtu aliyemdai. David alicheza na kulala nyumba moja na akina Sager kwa miaka mitatu, na alikuwa nao katika mwezi ule wa kifungo. Mateka walipokombolewa na kufikishwa Fort Walla Walla ili wapande mashua za kuwapeleka bondeni, walihesabiwa, na David hakuhesabiwa. Matilda, akiwa mwanamke mzee, alisimulia kwamba mara ya mwisho kumwona ilikuwa pale mashua zilipong'oa kutoka ukingoni: alikuwa amesimama ufukweni analia, akiwatazama wanavyokwenda.